Mkoa wa Yeriko na Watu Wake: Barua ya Wazi kutoka Amman

Barua hii inaandikwa Amman, mji mkuu wa Jordan, na inawaendea ndugu walioko Tanga, Mombasa, Unguja, Mwanza na kwingineko nyumbani. Inahusu Mkoa wa Yeriko, ambao jina lake kamili katika Kiarabu ni Muhafaza ya Ariha na Al-Aghwar, mmoja kati ya mikoa 16 ya Mamlaka ya Palestina, ambayo 11 imo katika Ukingo wa Magharibi wa Mto Yordani na 5 katika Ukanda wa Gaza. Neno muhafaza linatafsiriwa hapa kuwa mkoa kwa sababu mkuu wake huteuliwa na Rais kama ilivyo Tanzania, ingawa kwa ukubwa wa ardhi na idadi ya watu msomaji wa nyumbani angeiona kuwa wilaya, tena wilaya ndogo. Al-Aghwar nalo ni wingi wa ghor, yaani ardhi iliyodidimia katikati ya miinuko miwili, na ndilo jina ambalo Waarabu wamelipa bonde la Yordani tangu zamani.

Sababu ya kuandika ni kwamba nyumbani Yeriko inajulikana sana na wakati huohuo haijulikani kabisa. Mtoto yeyote aliyepitia shule ya Jumapili anajua habari za kuta zilizoanguka na za Zakayo mfupi aliyepanda mkuyu, na Mwislamu anayesoma habari za manabii hukutana na eneo hilo anaposikia habari za Nabii Musa, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba Yeriko ya leo ni makao makuu ya mkoa wenye kambi za wakimbizi, mashamba ya tende, vijiji visivyoruhusiwa kujenga zahanati bila kibali cha jeshi, na daraja ambalo ndilo mlango wa Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi kwenda duniani. Habari za Palestina zinazofika nyumbani siku hizi ni za Gaza, na hilo linaeleweka. Hata hivyo, mkoa unaoelezwa hapa uko chini ya kilomita 50 kutoka Amman kwa mstari ulionyooka, na jioni isiyo na vumbi taa zake huonekana kutoka Mlima Nebo upande huu wa mto.

Kwa takwimu, mkoa una eneo la kilomita za mraba zipatazo 593, ambalo ni karibu theluthi mbili ya kisiwa cha Pemba, na katika sensa ya Ofisi Kuu ya Takwimu ya Palestina ya mwaka 2017 ulikuwa na watu wapatao 50,000, huku Pemba katika sensa ya 2022 ikiwa na zaidi ya 540,000. Kati ya hao 50,000, karibu 21,000 waliishi katika mji wa Yeriko wenyewe. Katika Ukingo wa Magharibi hakuna mkoa wenye watu wachache zaidi, ingawa mkoa huu unashika takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yote. Msongamano wa watu, yaani wastani wa idadi yao katika kila kilomita ya mraba, unafikia 84 hivi, na mtu anayesoma tarakimu hiyo peke yake atahitimisha haraka kwamba ni jangwa na kwamba watu hawakai jangwani. Barua hii inakusudia kupinga hitimisho hilo, kwa kuwa upweke wa bonde la Yeriko umetengenezwa na watu, na walioutengeneza wameacha alama za kazi yao.

Ni kweli kwamba hali ya nchi ni kali. Bonde la Yordani ni sehemu ya mfumo mrefu wa mipasuko ya ardhi ambao kwa upande wa kusini, kupitia Ghuba ya Aqaba na Bahari ya Shamu, unaungana na Bonde la Ufa linalojulikana Afrika Mashariki, ingawa wanajiolojia hutofautisha tabia zake: kule Naivasha na Manyara ardhi inavutwa pande mbili na kutanuka, ilhali hapa upande wa Jordan unateleza kuelekea kaskazini ukisuguana na upande wa Palestina, jambo ambalo ndilo chanzo cha matetemeko makubwa kama lile la mwaka 749 na lile la Julai 1927. Mji wa Yeriko uko mita 250 hivi chini ya usawa wa bahari, na ufuo wa Bahari ya Chumvi, unaofunga mkoa upande wa kusini mashariki, umeshuka hadi zaidi ya mita 430. Kwa kulinganisha, Ziwa Assal la Djibouti, mahali pa chini kuliko pote Afrika, liko mita 155 tu chini ya usawa huo. Anayeteremka kwa gari kutoka Yerusalemu, mji ulio juu ya mita 750, hushuka mita 1,000 kabla hata chai aliyokunywa haijatulia tumboni, na masikio yake humwambia hivyo kabla ya macho.

Mvua nayo ni haba. Mawingu yanayotoka Bahari ya Mediterania hutua mzigo wake juu ya milima, kiasi kwamba Yerusalemu hupata mvua isiyopishana sana na ile ya Dodoma, lakini yakivuka mgongo wa milima hubaki matupu, na Yeriko huambulia milimita 150 au 160 kwa mwaka, kiwango kinachokaribia kile cha Lodwar, Turkana. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 bila mtu kushangaa. Hata hivyo, mvua ile ya milimani haipotei. Hupenya katika mwamba wa chokaa, hutembea chini kwa chini kuelekea mashariki, na kuibuka kwenye miguu ya milima kama chemchemi, ya Ein as-Sultan katika mji wenyewe, ya Duyuk na Nuwaima kaskazini magharibi yake, na ya Al-Auja mbele zaidi. Ein as-Sultan ndiyo ile ambayo Wakristo huiita chemchemi ya Elisha. Maji yake yamegawanywa kwa mifereji na kwa zamu tangu enzi ambazo hakuna hati inayozifikia, utaratibu ambao mzee wa Kichagga aliyewahi kugombea zamu ya mfereji angeuelewa bila mkalimani.

Kando ya chemchemi hiyo kuna kilima cha Tell es-Sultan, ambacho si kilima cha asili bali ni mabaki ya makazi yaliyojengwa juu ya makazi, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka 10,000 hivi. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba hapo kati ya 1952 na 1958 na kufukua mnara wa mawe wenye kimo cha zaidi ya mita 8, wenye ngazi ndani yake, uliojengwa yapata mwaka 8000 kabla ya Kristo, wakati ambapo wajenzi wake hawakuwa hata na vyungu vya kupikia. UNESCO iliuingiza mji huo wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Kwa umbali mfupi kuelekea kaskazini ipo Khirbat al-Mafjar, kasri la majira ya baridi la watawala wa nasaba ya Waumawi wa karne ya 8, lenye sakafu ya vijiwe vya rangi inayoonyesha simba akimrarua swala chini ya mti wenye matunda, huku swala wawili upande wa pili wakila majani kama kwamba hakuna kilichotokea. Kasri hilo, pamoja na yale ya Mfalme Herode aliyefia Yeriko, yanathibitisha jambo ambalo takwimu za msongamano hulificha, yaani kwamba kwa muda mrefu wa historia bonde hili lilikuwa mahali ambapo wenye uwezo walitamani kukaa.

Mwaka 1948 likawa mahali pa wasio na uwezo. Wapalestina waliofukuzwa au kukimbia kutoka miji na vijiji vilivyoingia ndani ya Israel walifika bondeni kwa makumi ya maelfu, na kambi tatu zikawekwa kuuzunguka mji, Aqbat Jabr, Ein as-Sultan na Nuwaima, chini ya uangalizi wa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi wa Kipalestina. Mahema yalibadilika kuwa nyumba za matofali ya udongo, kwa sababu udongo ulikuwapo na jua la kuyakausha lilikuwapo. Kabla ya vita vya Juni 1967 Aqbat Jabr peke yake ilikuwa na kiasi cha watu 30,000, na Ein as-Sultan kiasi cha 20,000. Msomaji asipite hapo kwa haraka, kwa kuwa kambi mbili tu za wakati ule zilibeba watu wengi kama mkoa mzima ulivyokuwa nao miaka 50 baadaye. Vita vilipofika, wengi wao walivuka mto kwa miguu kuingia Jordan, na idhini ya kurudi haikutolewa isipokuwa kwa wachache. Nuwaima ilibaki tupu. Safu za nyumba za udongo zilisimama bila milango kwa miaka mingi, mvua kidogo ya kila msimu ikizilainisha pembe, kabla ya sehemu kubwa kubomolewa, na leo Aqbat Jabr imebaki na sehemu tu ya watu iliokuwa nao wakati ule. Mkazi wa Amman hahitaji kwenda mbali kuwakuta waliopungua Yeriko, kwa sababu wao, watoto wao na wajukuu wao wapo Baqa'a, kambi iliyofunguliwa mwaka 1968 nje kidogo ya jiji hili, na wapo madukani, kwenye teksi na katika ofisi za umma.

Hoja ya kwamba jangwa lisingewatosha watu wengi ilijibiwa mapema na mtu mmoja ambaye jina lake linastahili kufahamika nyumbani. Musa Alami, mwanasheria wa Yerusalemu aliyezaliwa 1897, alichukua ardhi ya chumvi kati ya mji na mto baada ya 1948 akiwa na nia ya kuwalea na kuwafundisha kazi watoto yatima wa wakimbizi, na wataalamu wakamwambia kwamba chini hakuna maji. Vibarua wake walichimba kwa zana za mkono, kwa kuwa mashine hazikuwepo, wakayapata maji matamu, kisha wakaiosha ardhi kwa maji hayo hadi chumvi ikashuka chini ya mizizi, na shamba likatoa mboga, ndizi na baadaye maziwa ya ng'ombe. Vita vya 1967 viliukata mradi huo vipandevipande. Kilichobaki ni ushahidi kwamba swali la Yeriko halijawahi kuwa tu kama maji yapo, bali nani anaruhusiwa kuyachimba.

Swali hilo ndilo linalotawala jiografia ya mkoa mpaka sasa. Makubaliano yaliyotiwa saini Cairo tarehe 4 Mei 1994 yaliifanya Yeriko kuwa mji wa kwanza wa Ukingo wa Magharibi kukabidhiwa Mamlaka ya Palestina, na bendera ilipandishwa kwa shangwe. Mwaka uliofuata makubaliano ya pili ya Oslo yaliligawa eneo lote la Ukingo wa Magharibi katika mafungu matatu. Eneo A liko chini ya Wapalestina kwa utawala na usalama, Eneo B Wapalestina wana utawala wa kiraia huku usalama ukiwa wa Israel, na Eneo C, ambalo ni kiasi cha asilimia 60 ya Ukingo mzima, liko mikononi mwa Israel kwa ujenzi, mipango ya ardhi na usalama. Katika Mkoa wa Yeriko sehemu ya C ni kubwa kupita wastani huo, hata mji na vitongoji vyake vikionekana kwenye ramani kama kisiwa. Ndani ya C yamo maeneo ya mazoezi ya kijeshi, hifadhi za mazingira, na makazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamishiwa katika ardhi iliyotwaliwa 1967, makazi ambayo sheria ya kimataifa inayahesabu kuwa haramu. Sensa ya Palestina haiwahesabu walowezi hao, kwa hiyo tarakimu ya 50,000 ni ya Wapalestina peke yao.

Athari yake huonekana vizuri zaidi Al-Jiftlik, kijiji kilicho kwenye barabara ya kaskazini, ambacho jina lake linatokana na neno la Kituruki lenye maana ya shamba kubwa, kwa kuwa ardhi hiyo iliwahi kuwa mali ya Sultani wa Uthmaniya. Kijiji kimo ndani ya C. Familia inayotaka kuongeza chumba kwa ajili ya kijana anayeoa huomba kibali ambacho kwa kawaida hakitoki, ikijenga bila kibali hupata amri ya kubomoa, na kwa hiyo wengi huishi katika vibanda vya mabati na turubai kando ya mabanda ya plastiki ya kuoteshea matango, mtu akishindwa kutofautisha kwa mbali lipi ni la mboga na lipi ni la watoto. Vivyo hivyo kwa Zubaidat, Marj Naja na Fasayil. Wabedui, wafugaji wa mbuzi na kondoo ambao wengi wao asili yao ni jangwa la Negev, ndio wenye hali mbaya zaidi, na tangu Oktoba 2023 jamii zao kadhaa bondeni na kwenye miteremko yake zimeng'oa mahema na kuondoka kwa kuchoshwa na mashambulizi ya walowezi.

Maji yanasimulia hadithi hiyohiyo kwa namna nyingine. Mto Yordani, ambao umeupa Ukingo jina lake, haunyweshi hata shamba moja la Mpalestina wa mkoa huu, kwani kingo zake zimefungwa na jeshi tangu 1967, na mto wenyewe umekamuliwa juu na Israel, Jordan na Syria hadi kinachofika Bahari ya Chumvi ni sehemu ndogo sana ya kile cha zamani. Mahujaji wanaojaza picha za ubatizo kwenye simu zao wanaufahamu upana wake, mita chache tu, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mahujaji wa upande wa pili wakiwa karibu kiasi cha kusikiana. Bahari ya Chumvi yenyewe inashuka zaidi ya mita moja kila mwaka. Kisima kipya huhitaji idhini ya kamati ya pamoja ambamo Israel ina kura ya kuzuia, wakati visima virefu vinavyohudumia makazi ya walowezi vinavuta kutoka tabaka lilelile la maji. Chemchemi ya Al-Auja, iliyokuwa ikinywesha migomba ya kijiji chenye watu wapatao 5,000, sasa hukauka kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Ndiyo maana mgomba umempisha mtende. Mgomba hauvumilii maji yenye chumvi, mtende unayavumilia, na visima vya zamani vilivyo karibu na mto vimekuwa vya chumvi. Ndizi fupi za Yeriko, tamu na zenye ganda jembamba, bado zipo sokoni lakini zimekuwa kitu cha kutafutwa, na mahali pake zimesimama safu za mitende ya majhul, aina yenye asili ya Morocco, tende kubwa laini ambazo hupunguzwa kwa mkono zikiwa changa ili zinazobaki zinenepe, kisha mashada yake hufungwa ndani ya vifuko vya wavu ili ndege wasizile na zilizoiva zisianguke. Kabla ya mavuno mitende ya bonde huonekana kama iliyovishwa soksi. Baadhi ya mashamba hunyweshwa maji taka yaliyosafishwa kwenye mtambo uliojengwa kwa msaada wa Japani, na tende haitoi siri hiyo mdomoni.

Kuhusu watu wenyewe, bado kuna jambo ambalo ndugu wa nyumbani huuliza wanapoona picha. Huko Al-Auja, Nuwaima na Duyuk wapo Wapalestina weusi, ambao pamoja na majirani zao wengine wa bondeni huitwa Ghawarna, yaani watu wa ghor. Wazee wao walifika kwa njia tofauti na katika nyakati tofauti, wengine kwa utumwa, wengine kwa kazi za mashamba au kwa safari za hija, na ni jamii nyingine mbali na ile ya Waafrika wanaoishi jirani na Msikiti wa Al-Aqsa Yerusalemu. Barua hii haitawafanya Waswahili waliopotea, kama wanavyopenda baadhi ya watu mitandaoni, kwa sababu wenyewe ni wakulima wa Kipalestina, wanazungumza Kiarabu cha bondeni, na zamu ya maji inapokatwa hukatwa kwao pia.

Karibu kila Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi anayesafiri nje hupita katika mkoa huu, kwa kuwa hana uwanja wa ndege. Daraja analovukia lina majina matatu, Karama kwa Wapalestina, Allenby kwa Waisraeli, Mfalme Hussein kwa Wajordani, na safari ya kilomita chache humpitisha katika vituo vitatu vya ukaguzi na mabasi yanayobadilishwa njiani, kuanzia kile cha Yeriko kinachoitwa Istiraha, maana yake mapumziko, jina ambalo wasafiri hulitaja kwa kicheko kikavu. Kazi hiyo ya siku nzima hufanyika kwa umbali ambao mtu wa Kilwa angeutembea kwenda harusini na kurudi.

Wale wanaokuja na vikundi vya kuhiji kutoka Dar es Salaam au Nairobi hushushwa mjini Yeriko chini ya mkuyu mkubwa unaohusishwa na Zakayo, wakapiga picha, wakanunua tende na kupanda basi. Mti huo ni mkuyu kweli, aina ileile inayoota kando ya mito nyumbani, isipokuwa kwamba nyigu mdogo anayechavusha maua yake hayupo huku, na kwa hiyo mikuyu ya Palestina hutoa matunda yasiyo na mbegu za kuota na huenezwa kwa vipandikizi vya mkono wa binadamu. Kutoka hapo hadi lango la Aqbat Jabr ni mwendo wa kama kilomita tatu, na dereva akiombwa mapema, huwa hakatai.